Kuufuata Msimbazi

Ukitaka kuipita Dar es Salaam haraka, panda basi la mwendokasi Kimara ushuke Kivukoni. Ukitaka kuielewa, ufuate Mto Msimbazi. Mto huu huanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, hulikata jiji kwa kilomita zipatazo 35 na kuingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda. Njiani hupita nyuma ya viwanda, jirani na machinjio na mabwawa ya majitaka, katikati ya bustani za mchicha na chini ya kuta za nyumba za wale ambao jiji limezoea kuwaita watu wa mabondeni. Wenye magari huukumbuka siku Barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani na mji mzima kukwama. Mvua ikikatika, wanausahau.

Nimehudhuria mikutano ya kutosha kuhusu majiji ya kesho. Picha zinazooneshwa ukutani hazitofautiani: majengo ya vioo, miti isiyodondosha majani, na watu nadhifu wanaotembea mikono mitupu. Hilo la mwisho hunichekesha kila mara, maana Dar es Salaam sijawahi kumwona mtu anayetembea bila ndoo, kiroba, mtoto au beseni. Kwa hiyo niliposikia kwamba bonde la Msimbazi limechorewa mpango mkubwa wa kulibadili, nikaona afadhali nilitembee mwenyewe, kutoka juu hadi baharini, nijionee mpango huo unawakuta watu gani.

Nilimpata mwenzangu wa safari, kijana aliyesoma Chuo Kikuu Ardhi. Akiwa mwanafunzi alishiriki Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walipita mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, mitaro na sehemu zinazofurika, na ramani ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap ili kila mtu aione. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya mitaa ya bondeni ilikuwa doa la kijani kwenye makaratasi ya wapangaji miji, ilhali maelfu walikuwa wanalala humo. "Mzee wangu," aliniambia tulipokutana kituoni Gongo la Mboto, "leo utatembea kwenye ramani niliyoichora kwa viatu."

Tulianza Pugu. Wengi wanaijua kwa shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kuingia moja kwa moja kwenye siasa. Wachache wanaijua kwa msitu wake. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni masalia ya misitu ya kale ya pwani, na chini ya miti yake ardhi ni laini, imefunikwa majani makavu, inabonyea ukiikanyaga. Maji yanayochuruzika humo ni machache na meupe. Nilichota kiganjani nikanawa uso.

Ukitoka msituni tu, mambo yanabadilika. Mlima mzima umekatwa viwanja. Tulimkuta fundi na vijana wake wakisawazisha kiwanja kilichokaa mteremkoni: wanachimba upande wa juu, udongo mwekundu wanausukumia upande wa chini, hadi ukingoni mwa kijikorongo. Hakuna ukuta wa kuuzuia, hakuna jani lililoachwa. Mwenzangu alisimama akauangalia ule mlima wa udongo. "Huo," akasema, "masika utaukuta Jangwani."

Hakuwa anatania. Kinachofanya Msimbazi ufurike kule chini si wingi wa mvua peke yake. Mteremko ukishavuliwa miti na kuezekwa mabati, maji hayapati pa kuzama. Hushuka kwa kasi na kubeba udongo. Yakifika kwenye tambarare ya Jangwani yanapoteza nguvu na kuutua mzigo. Mwaka baada ya mwaka kitanda cha mto kinapanda, na mvua ileile ya zamani sasa inamwagikia barabarani.

Kule Ulongoni, ambako madaraja yaliwahi kusombwa na mafuriko, kingo zimemomonyoka hadi nyumba moja imebaki na chumba nusu. Kitasa cha mlango bado kipo. Ukiufungua mlango, unatokea hewani. Chini yake vijana walikuwa wanachota mchanga kwa koleo na kuujaza kwenye lori. Serikali za mitaa zimekuwa zikiwafukuza kwa sababu uchimbaji unapanua mto. Nilimsalimia mmoja wao, nikamuuliza kama haoni kuwa anakula ukingo wa jirani yake. Alifuta jasho akajibu, "Mto unaleta, sisi tunatoa. Kule chini si wanalipa mkandarasi autoe?" Mwenzangu alikiri kuwa nusu ya hoja ile ina ukweli. Mchanga unahitaji kutolewa kweli, ila utolewe kule unakojaa, na si hapa unakoshikilia nyumba za watu. Hapo pangekuwa na ajira halali kwa vijana wale wale, kama kuna ambaye angekaa nao chini wakapanga.

Kinyerezi na Segerea tulizipita kwa bodaboda na miguu, jua likiwa utosini. Treni ya umeme ya SGR ilipita kwa mbali, laini na ya haraka, na abiria wake bila shaka walituona kama vitone kwenye majani. Ndipo tukateremkia Vingunguti.

Hapa harufu hukufikia kabla ya macho. Kuna mabwawa ya majitaka, kuna machinjio, ambayo sasa ni ya kisasa baada ya yale ya zamani yaliyokuwa yakimwaga damu na samadi mtoni, na kuna maelfu ya nyumba zilizobanana hadi gari la kunyonya vyoo haliwezi kupita. Vyoo vya shimo vikijaa, watu walikuwa na njia yao: wanasubiri mvua kubwa, usiku wanatoboa shimo, na uchafu unaondoka na maji. Kila anayeishi mabondeni anajua maana ya kutapisha choo, na anajua pia kuwa kilichotapishwa kwake kinaingia kwa jirani wa chini.

Lakini Vingunguti ndiko nilikoona kitu kilichonifurahisha kuliko vyote katika safari ile. Mama mmoja mwenye genge la nyanya na dagaa alituonesha mfuniko mdogo wa zege uani kwake. "Shikamoo mama," tulimwamkia. "Marahaba wanangu. Mnataka kuona bomba? Njooni." Aliinua mfuniko. Ndani kulikuwa na bomba jembamba, limefukiwa kina kifupi tu, limepita uani, likaunganishwa na la jirani, na la jirani wa jirani, hadi kwenye bomba kubwa linaloteremka mabwawani. Mfumo huu rahisi ulianzishwa na wakazi wenyewe wakisaidiwa na asasi ya Centre for Community Initiatives. Mantiki yake ni nyepesi. Vichochoro ni vyembamba na havipitiki na malori, kwa hiyo bomba halihitaji kuzikwa kina cha barabara kuu. Mabwawa yako jirani na yako chini, kwa hiyo mteremko unafanya kazi bila pampu. Majirani walikubaliana bomba lipite kwenye ua wa nani, na anayetupa matambara chooni anajulikana kwa jina. "Zamani mvua ikinyesha tulikuwa tunafunga pua," alisema yule mama. "Sasa tunafunga madirisha tu."

Nimetaja bomba hilo kwa kirefu kwa sababu halimo kwenye zile picha za mikutanoni. Haling'ai, halionekani, na anayelizindua hana pa kukatia utepe. Lakini watoto wa ua ule hawachezi tena kwenye kinyesi.

Tabata ina kumbukumbu yake. Hadi leo makonda hutaja kituo cha Dampo, ingawa dampo lenyewe halipo. Jiji lilikuwa likimwaga na kuchoma takataka pale katikati ya makazi, wakazi wakakohoa hadi wakachoka, wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu iliamuru umwagaji ukome. Jiji lilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa, akasema kuhatarisha afya za watu kwa namna ile ni kuingilia haki yao ya kuishi iliyomo katika Katiba. Kesi ile inafundishwa vyuo vya sheria. Mimi naihesabu pia kuwa sehemu ya mipango miji, kwa kuwa dampo liliondolewa na wananchi waliofungua jalada, wala hakukuwa na ramani iliyokuwa imepanga liondoke.

Kigogo ilitukaribisha na viroba. Viroba vya mchanga vimepangwa mlangoni kuwa ngazi, vimepangwa dirishani kuwa ukuta, vimepangwa kwenye ukingo wa mto vikishikiliwa na matairi chakavu. Kwenye ukuta wa nyumba moja kuna mstari wa tope usawa wa kifua changu. Juu yake upo mwingine, hafifu zaidi, usawa wa paji la uso. Huo wa juu, mwenye nyumba alituambia, ni wa Desemba 2011, mvua zilipovunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini katika mafuriko yale, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande.

Mpangaji mmoja wa nyumba ile, mwanamume wa makamo anayesukuma mkokoteni Kariakoo, alikuwa miongoni mwa waliokwenda huko. Walipewa viwanja, wakaanza na mahema. Hewa nzuri, anakiri, wala maji hayakuwafuata. Tatizo ni kwamba Mabwepande iko kilomita 30 na ushei kutoka mjini. "Kazi ya mkokoteni inaanza saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Nauli ya kwenda na kurudi inakula hela ya chakula. Nikawa nalala gengeni siku tano, nyumbani siku mbili. Mwisho mke wangu akaniuliza: sasa nyumba hii ni ya nani?" Akarudi Kigogo, akapanga chumba. Kutoka hapa anatembea kwa miguu hadi kazini.

Watu wenye nyumba zao sehemu za juu huuliza kwa nini hawa wa mabondeni hawasikii. Nimekaa naye kwenye kiroba chake cha mchanga, na ninachoweza kusema ni kwamba anasikia vizuri sana na hesabu yake imekaa sawa. Mafuriko huja siku chache kwa mwaka. Nauli huja kila siku. Anayetaka atoke bondeni lazima amtafutie jibu la nauli.

Kutoka Kigogo tulilifuata bonde hadi linapofunguka na kuwa tambarare pana: Jangwani. Ni eneo la ajabu. Upande mmoja Magomeni, upande mwingine Kariakoo, katikati nafasi ambayo mji wowote ungeililia. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde hili katika maeneo hatarishi yasiyofaa kujengwa. Watu wakajenga. Lakini si maskini peke yao walioupuuza: karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ilijengwa humuhumu. Mwendokasi ilianza kazi Mei 2016, na tangu hapo mabasi yamefurikiwa na maji pale mara kwa mara, watu wakisimama darajani kuyapiga picha. Ule usafiri ambao umesifiwa nje ya nchi, na ambao pamoja na msongamano wake umempunguzia mtu wa Kimara saa nyingi za barabarani, ulikuwa unalala kwenye njia ya maji.

Mradi wa sasa wa kuendeleza bonde unakusudia kurekebisha hilo. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, Hispania na Uholanzi nazo zikatia mkono. Daraja la Jangwani linainuliwa, la mita 390, ili maji yapite chini badala ya juu ya barabara. Karakana inahamishwa. Sehemu ya chini ya bonde inachimbwa ili ibebe maji mengi zaidi, na udongo unaotoka humo unatumika kuinua kingo ziwe ardhi salama ya kujengwa. Katikati itabaki bustani kubwa ya mji: viwanja vya michezo na njia za miguu wakati wa kiangazi, na bwawa la muda wakati wa masika. Safari hii mpango unayakubalia maji kwamba bonde ni lao, kisha ndipo watu wanapangiwa pembeni yake.

Tulipokuwa pale, nyumba nyingi zilikuwa zimeshaondoka. Wenyewe walilipwa fidia, na wengi walibomoa kwa mikono yao ili waokoe mabati, milango na nondo. Ni tofauti kubwa na bomoabomoa ya Desemba 2015, ambapo alama ya X nyekundu ukutani ilitosha kukutoa. Sakafu za saruji bado zilionekana kwenye majani. Kwenye moja niliona vigae vya bafuni, vya bluu, vimewekwa kwa ustadi na mtu aliyetarajia kukaa.

Mwenzangu ana imani kubwa na bustani ile. Mimi nilimkumbusha Mnazi Mmoja, ambayo iko mwendo mfupi tu kutoka hapo. Wakoloni waliiacha ile nafasi wazi ili itenganishe mitaa ya Wahindi na Kariakoo ya Waafrika, na wakasema ni kwa ajili ya afya. Nafasi wazi inaweza kuunganisha mji na inaweza kuugawa. Je, bustani ya Msimbazi itakuwa na uzio na tiketi getini? Bei za ardhi zilizoinuliwa pembeni mwake zitamruhusu nani? Mama lishe aliyekuwa akiwapikia vijana wa gereji za Jangwani atapewa kibanda ndani au atafukuzwa na mgambo? Maswali haya yataamua zaidi kuliko idadi ya miti.

Jibu moja lipo karibu sana, na tulipanda kulitazama: Magomeni Kota. Wapangaji wa kota za zamani waliondolewa, nyumba zao zikavunjwa, wakakaa miaka mingi wakihangaika na vyumba vya kupanga. Kisha serikali ikajenga maghorofa palepale, na mwaka 2022 kaya 644 zikarudi. Nguo zimeanikwa vibarazani, watoto wanacheza chini, mzee anauza kahawa na kashata langoni. Kariakoo iko jirani kama zamani. Inawezekana, basi, kumrudisha mtu wa kipato cha chini katikati ya mji. Ila wale 644 walikuwa na orodha na majina yao yalijulikana. Mpangaji wa chumba Kigogo hayumo kwenye orodha yoyote. Fidia hulipwa mwenye nyumba; yeye anaambiwa atafute chumba kingine, na chumba cha bei ile kipo kwenye bonde lingine.

Hananasif, upande wa Kinondoni, tulifika jua likielekea kutua. Mtaa huu una historia ambayo inafaa kujulikana zaidi. Kuanzia mwaka 1994 wakazi wake walishiriki kujenga mitaro na njia zao wenyewe, kwa mikono, wakilipwa ujira, kwa msaada wa mashirika kadhaa likiwamo Shirika la Kazi Duniani. Bibi mmoja aliyebeba mawe siku hizo alitupeleka hadi kwenye mtaro aliousaidia kujenga. Mawe yamepangwa vizuri, chokaa bado imeshika. Ndani yake, hata hivyo, kuna chupa za plastiki, pampasi na mchanga hadi nusu. "Kujenga tulijenga kwa furaha," alisema, "maana tulikuwa tunalipwa. Kuzibua hakuna anayelipwa. Na mtaa ulipopendeza, kodi nayo ikapanda, wenzangu wakahama." Kwa maneno hayo machache bibi alikuwa ametaja magonjwa mawili ya mipango miji: ujenzi usio na fungu la matunzo, na uboreshaji unaomwondoa aliyeboreshewa.

Asubuhi yake tulimalizia Salenda. Mikoko imeshika mlango wa mto, mizizi yake imenasa mifuko na vipande vya maboya, na mbele yake Daraja la Tanzanite limejipinda juu ya bahari. Ni daraja zuri, na jioni watu wengi huenda kulitembelea kwa miguu, jambo linaloonesha jinsi jiji hili lilivyo na kiu ya mahali pa kutembea. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wao wanaishi mitaa ambayo haikupimwa, kwa hiyo jiji la kesho limeshajengwa kwa kiasi kikubwa, na kazi iliyobaki ni kulitengeneza watu wakiwa ndani.

Baada ya kuutembea mto, naliona jambo lenyewe likisimama kwenye vipimo viwili. Maji yapate nafasi, na watu wapate ukaribu. Mipango ya zamani ilikuwa inatoa kimoja na kunyang'anya kingine: ama mtu anakaa karibu na kazi ndani ya maji, au anakaa pakavu mbali na riziki. Daraja refu na bustani ya Jangwani vinashughulikia nusu ya kwanza, lakini hata hiyo haitadumu kama viwanja vya Pugu vitaendelea kukatwa bila ukuta wala mti. Jangwani inaokolewa Pugu. Na nusu ya pili inaokolewa na nyumba za kupanga za bei nafuu zilizo ndani ya mwendo wa miguu kutoka Kariakoo.

Siku mradi utakapozinduliwa, kamera zote zitakuwa darajani. Mwandishi anayetaka kujua kama umefaulu apande Gongo la Mboto mvua ya kwanza inaponyesha, aangalie korongo la Pugu linashusha maji au tope. Kisha saa kumi na moja alfajiri awe Kariakoo, awaulize wasukuma mkokoteni wametokea wapi na wametumia nauli kiasi gani.